Kabla Hujanunua Baiskeli ya Triathloni, Soma Namba ya Tairi

Wiki jana kijana ameingia hapa kwangu akisukuma baiskeli ya kaboni ya TT, ile ya kushindana na saa ambayo watu wa triathloni (kuogelea, baiskeli, kukimbia) hupenda, mtumba, amemaliza elfu themanini zake zote hapo, ananiambia, "Fundi, niwekee tu tairi ya nyuma, niko na resi." Nikainama nikasoma ubavuni: 571. Roho ikaniuma.

Hiyo namba ni kipenyo cha rimu pale tairi inakalia, kwa milimita. Baiskeli za barabara karibu zote ni 622, ile tunaita 700c. Maunteni za zamani za 26 ni 559. Hiyo 571 ni 650c, saizi iliyojaa kwa baiskeli za triathloni miaka ya 1990, na tairi ya maunteni haiwezi kuingia hata uvute na leva tatu. Kwa hivyo unaagiza nje, unangoja.

Kijana simlaumu. Nimechoka na wanaomwambia ati bila baiskeli ya tri usijisumbue kuingia. Huyu ni wa nne mwaka huu! Jameni, triathloni fupi, ile ya sprint, ni kilomita 20 za baiskeli, ya Olympic ni 40, na ukishapita 30 kwa saa kwenye tambarare nguvu yako nyingi inaliwa na upepo, na huo upepo unagonga kifua, mabega na kichwa chako, fremu inapata kidogo sana. Mwaka wa 1989 siku ya mwisho ya Tour de France, kilomita 24.5 kutoka Versailles hadi Paris, Greg LeMond alikuwa nyuma ya Laurent Fignon kwa sekunde 50, akafunga aerobari, zile fimbo za mbele za usukani unalalia viwiko, zilizotoka kwa watu wa triathloni, akachukua Tour kwa sekunde 8. Ni kweli Fignon alikuwa hana helmeti na nywele amefunga mkia, so siwezi kuapa ni aerobari peke yake, lakini ni vile mtu amekaa.

Kwa hivyo nunua baiskeli ya barabara ya aluminiamu inayokutosha, ufunge aerobari za klipu. Na kutosha ndio watu hawataki kusikia. Bomba la kiti la baiskeli ya barabara limelala kwa digrii kama 73, la tri limesimama zaidi, 76 hadi 80. Ukifunga aerobari na uache kiti pale pale, nyonga inakunjika, goti linatafuta tumbo, na ukishuka kukimbia kiuno hakifunguki. Sogeza kiti mbele, ukipandishe kidogo kwa sababu umekaribia pedo. Sasa uzito umeenda mbele na usukani unakuwa mwepesi, usiende kujifunzia hiyo kwa mteremko. Ndio maana nasema ukiwa katikati ya saizi mbili chukua ndogo, ile fupi kwa mbele, hata kama muuzaji anakuapia utazoea kubwa. Hutazoea, utaumwa na shingo.

Ile fomula ya kupima urefu wa kiti, mguu wa ndani mara 0.883, naitumia kuanzia tu, imenidanganya mara nyingi, haijui urefu wa kranki, ule mkono wa pedo, wala soli ya kiatu. Na kugonga kaboni na shilingi usikilize ufa, naifanya lakini siiamini, nimeshaona fremu inalia vizuri na ufa uko chini ya rangi. Kama hujui imeangukia wapi, iache.

Gia pia angalia. TT nyingi za mtumba zinakuja na kaseti ya 11-23, yaani gia za nyuma za meno 11 hadi 23, ngumu kwa mlima, na wewe unapanda vilima vya Ngong.

Muuzaji amekataa kurudisha pesa. Binamu ya kijana amemwazima baiskeli ya aluminiamu, nikamfungia aerobari, kiti mbele sentimita mbili, Jumapili akazunguka Southern Bypass asubuhi kabla ya malori na akanipigia simu mgongo haujamuuma. Ile ya kaboni iko kwa ukuta wangu hapa, rimu ya nyuma uchi, tunangoja tairi.