Hapana, matumbawe si mawe tu

Kuna ujumbe usiochoka kuzunguka kwenye magrupu: picha ya tumbawe lililopigwa kwa karibu sana, limejaa vimikono na midomo, na chini yake maneno, "Msidanganyike, picha hii imetengenezwa na kompyuta. Matumbawe ni mawe."

Viumbe hao wapo. Tumbawe ni kundi la wanyama wadogo waitwao polipu, wengi wa milimita chache tu. Kila mmoja ana mdomo uliozungukwa na minyiri, na hujijengea kikombe cha chokaa. Chokaa hiyo ndiyo jiwe tulilozoea kuliona kwenye kuta za Lamu na Mji Mkongwe, kwa hiyo kuchanganyikiwa si ajabu. Tena mchana polipu wengi hujikunja, hufunguka usiku.

Na rangi kali za picha hiyo? Maji humeza wekundu ndani ya mita chache, taa ya kamera huurudisha.

Okota kipande kikavu ufukweni, kiangalie kwa lenzi: utaona vishimo vyenye kuta kama miali ya nyota. Kila kishimo kilikuwa nyumba ya mnyama. (Lililo hai usilivunje, aina kadhaa zimo hatarini kutoweka.) Ujumbe ule ukikufikia, usiusambaze.