Swichi za staki: dhana potofu kuhusu mgawanyo wa mzigo na anwani

Ukishafunga swichi kadhaa za mtandao kwa kebo za staki, unazisanidi kama moja na unaingia kwa anwani moja. Dhana nyingi potofu zinaanzia hapo, maana ndani bado ni masanduku tofauti.

Dhana: Linki (njia za kebo) mbili za gigabiti 1 kwa sekunde zikiunganishwa kuwa kundi moja, faili litakopiwa kwa gigabiti 2.

Hapana. Swichi inagawa mazungumzo, haigawi pakiti mojamoja. Inachukua anwani za MAC (za kifaa chenyewe), za IP au namba za poti za TCP zilizomo kwenye pakiti, inazipigia hesabu, na jibu ndilo linalochagua linki. Anwani hazibadiliki, kwa hiyo mazungumzo yale yale hupita linki ile ile hadi yaishe. Imefanywa hivyo makusudi, pakiti zisije zikafika shaghalabaghala. Faili moja likikopiwa kati ya seva mbili halivuki gigabiti 1, hata ufunge linki nane.

Dhana: Basi mazungumzo yakiwa mengi, mzigo utagawanyika sawasawa.

Inategemea hesabu inapigwa juu ya nini. Chukua seva ambazo IP zake zinaishia na 10, 20 na 30, zote zinatuma data kwa seva ya 50 kupitia linki mbili. Swichi ikilinganisha biti ya mwisho ya mtumaji na ya mpokeaji, jibu ni sifuri kila mara kwa sababu namba zote ni shufwa. Linki moja inajaa pomoni, nyingine imelala. Ukichagua MAC ya mpokeaji kwenye linki zinazoelekea kwenye ruta ni yale yale: kila pakiti inayotoka nje ya mtandao inabeba MAC moja, ya ruta. Hapo mimi huweka IP ya mtumaji na ya mpokeaji, na namba za poti kama swichi inaruhusu.

Idadi ya linki nayo ina neno. Swichi nyingi za Catalyst, za kampuni ya Cisco, hugawa matokeo ya hesabu katika mafungu 8, hivyo linki 3 hupata 3, 3 na 2.

Dhana: LACP, itifaki ya kuunda kundi la linki, ni mapambo; kulazimisha kundi bila hiyo kunatosha.

LACP, iliyoingia kwenye viwango vya IEEE mwaka 2000 kama 802.3ad, huzifanya pande mbili zikubaliane kabla ya kupitisha data. Ukilazimisha, kebo iliyochomekwa mahali pasipo pake inaweza kumeza pakiti kimyakimya. Na tafadhali, linki za kundi zitoke kwenye swichi tofauti za staki.

Dhana: Anwani ya MAC ya staki ni mali ya staki nzima.

Imeazimwa kutoka kwa swichi kuu, ile inayoongoza staki. Swichi kuu ikizima, nyingine inashika nafasi, na usiposanidi vinginevyo, staki inaweza kuchukua MAC ya kuu mpya. IP ni ile ile, ila majirani bado wana MAC ya zamani kwenye jedwali lao la ARP (linalooanisha IP na MAC), LACP inaona kifaa kigeni na linki zinaanguka kabla ya kuungana upya. IP ya usimamizi ikiwa inatoka DHCP (huduma inayogawa IP) kwa kufuata MAC, nayo inaweza kubadilika. Iandike kwa mkono.

Kwenye Catalyst zenye StackWise (teknolojia ya staki ya Cisco), amri ya `stack-mac persistent timer 0` huizuia MAC ya zamani isibadilike. Ina mtego wake: swichi kuu ya zamani ukiitoa na kuipachika kwingine kwenye mtandao ule ule, vifaa viwili vitakuwa na MAC moja, na hitilafu ya namna hiyo inachosha kuitafuta.

Dhana: Nikipandisha kipaumbele, swichi inakuwa kuu papo hapo.

Kwenye StackWise kipaumbele ni 1 hadi 15, lakini namba kubwa haiing'oi swichi kuu iliyo kazini. Inasubiri uchaguzi mwingine, kwa mfano staki nzima ikiwashwa upya. Ipange kabla watumiaji hawajaunganishwa.