Virusi vya kompyuta havisubiri intaneti
Katika vyumba vya kompyuta vya shule, hapa Lindi kama kwingineko, husikika kauli kwamba mashine zisizo na intaneti haziwezi kupata virusi. Si kweli, kwa kuwa virusi husafiri pia ndani ya flashi, ile ile iliyochapishiwa kazi jana kwenye steshenari ya jirani na kuchomekwa maabara asubuhi. Mara nyingi folda za flashi hufichwa na kirusi, mahali pake zikabaki njia za mkato (shortcut) zenye kilobaiti chache tu, na mwanafunzi anayebofya mojawapo ndiye anayekiamsha kirusi. Stuxnet, kirusi cha kompyuta kilichogunduliwa mwaka 2010, kilienea kwa flashi pia. Tena, mashine isiyounganishwa hukosa masasisho ya kinga, hivyo huwa dhaifu zaidi.