PHP mbili kwenye seva moja: wanayosema na yaliyo kweli

"Seva moja, PHP moja." Enzi za mod_php kauli hii ilikuwa sahihi, kwa kuwa PHP, lugha inayoendesha tovuti nyingi, ilipachikwa ndani ya Apache yenyewe, programu inayohudumia tovuti, na Apache moja haibebi matoleo ya 7.4 na 8.3 kwa pamoja. Lakini tangu toleo la 5.3.3, mwaka 2010, PHP huja na FPM, huduma inayojitegemea ya kuendesha msimbo wa PHP nje ya Apache. Kila toleo lina FPM yake na soketi yake, yaani faili ambalo Apache huwasiliana nayo kupitia hilo, mathalani /run/php/php7.4-fpm.sock, na usanidi wa kila tovuti ndio unaotaja soketi ya kutumia. Inaniuma kuona mtu analipia seva ya pili kwa sababu tu mfumo wake wa zamani unataka 7.4.

"Nimeandika php -v nikaona 8.3, basi tovuti nayo iko 8.3." Hapa ndipo wengi hupoteza usiku mzima. Amri ile huzungumzia PHP ya teminali tu. Kwenye Debian na Ubuntu, hata ukibadilisha toleo kwa update-alternatives, amri ya kuchagua toleo la teminali, tovuti hazitikisiki. Ukitaka ukweli wa tovuti, weka faili lenye phpinfo(), amri inayoonyesha toleo na usanidi wa PHP, lifungue kwenye kivinjari, kisha ulifute papo hapo, maana linaanika mengi kuhusu seva yako. Kazi za cron, zile zinazojiendesha kwa ratiba, nazo ziandikie njia kamili, /usr/bin/php7.4, la sivyo zitafuata toleo la teminali.

Mkanganyiko huohuo uko kwenye php.ini, faili la mipangilio ya PHP. Ukiongeza memory_limit (kikomo cha kumbukumbu) katika /etc/php/8.3/cli/php.ini, ambayo ni ya teminali, tovuti haina habari. Yake iko kwenye folda ya fpm. Na kusakinisha php7.4-mysql, kiongezi cha hifadhidata ya MySQL, hakuipi 8.3 chochote.

"Zitamaliza RAM." Weka pm = ondemand kwenye usanidi wa FPM, na tovuti isiyo na wageni haitashikilia michakato ya bure.

Linalonitia hofu ni hili: "7.4 iko salama, si inakaa na 8.3?" Ujirani hauiponyi. Waundaji wa PHP waliacha kuitolea viraka vya usalama Novemba 2022. Tovuti zote zikiendeshwa na www-data, mtumiaji mmoja wa mfumo, atakayepenya ile ya zamani atasoma na mafaili ya ile mpya. Kila tovuti ipewe mtumiaji wake wa mfumo ndani ya usanidi wa FPM, na faili lenye nywila ya hifadhidata lisisomwe na mtumiaji wa tovuti nyingine.