Msaji wa Denmark na hofu ya vinia

Wengi huamini samani halisi za Denmark za miaka ya 1950 na 1960 ni msaji mtupu, na kwamba vinia (tabaka jembamba la mbao linalobandikwa juu ya ubao mwingine) ni alama ya bandia. Sivyo. Hata viwanda vyenye sifa vilitumia mbao nzima kwenye miguu na fremu za vitanda vya kupumzikia, lakini mbao pana za kabati zilibandikwa vinia, kwani ubao mpana mzima hupinda unyevu ukibadilika.

Kujua kama ni mbao nzima au vinia, kagua ukingo: kwenye mbao nzima, mistari ya asili ya mbao iliyo juu huendelea hadi kichwani mwa ubao.

Wakati wa kukarabati, mharibifu hasa ni msasa mkali wa mashine, namba 80. Vinia, mara nyingi chini ya milimita 1, hutoboka kwanza pembeni, na ni vigumu kuiziba. Tumia msasa namba 180 au laini zaidi, kwa mkono, kufuata mistari.