Merikani si kila kitambaa cheupe

Merikani ni kitambaa cha pamba tupu, kizito kiasi, kilichofumwa kwa mtindo wa kawaida wa uzi juu uzi chini, na ambacho hakijapaushwa, yaani hakijang'arishwa kiwe cheupe. Basi. Hilo la kupaushwa ndilo linalosahaulika. Bafta ni nyembamba na imepaushwa. Merikani wala si nyeupe, ina rangi ya ufuta, na ukiisogeza machoni utaona vidoa vya maganda ya mbegu za pamba vimenasa katikati ya nyuzi. Kaniki iko mbali zaidi, kwa kuwa imetiwa nili hadi ikakaribia weusi, ingawa ni kweli kwamba wanawake wa pwani walikuwa wakichukua merikani na kuitia nili wenyewe ikawa kaniki.

Kosa linalochosha zaidi ni la jina. Wapo wanaoshikilia kwamba “-ni” ya merikani ni ile ya nyumbani na sokoni, yaani kitambaa cha “huko Merika”. Sivyo. Ni mkia wa kivumishi cha Kiingereza, “American”, kilichopoteza irabu ya mwanzo na kupewa nyingine mwishoni ili kitamkike. Hata jina la nchi, Marekani, limebeba mkia huohuo.

Na huyo Mmarekani wa kwenye jina hakutoka Marekani nzima. Kwa sehemu kubwa alitoka bandari moja ndogo, Salem, katika jimbo la Massachusetts. Wenyeji wa asili walipaita Naumkeag. Walowezi wa Kiingereza walifika 1626, na miaka 3 baadaye pakaitwa Salem, kutoka neno la Kiebrania la amani, ndugu wa “salama” yetu na wa Dar es Salaam. Walianza na samaki wa kukausha kwa chumvi. Kufikia sensa ya 1790 Salem ulikuwa mmoja wa miji 7 mikubwa zaidi nchini, nao haukuwa na watu 8,000. Merikebu yake Grand Turk ilifika Canton, China, mwaka 1786. Kisha pilipili manga ya Sumatra ikawatajirisha wenye meli.

Halafu mambo yakaharibika. Mwaka 1807 serikali yao wenyewe ilipiga marufuku meli kwenda nchi za nje, na vita na Uingereza vikafuata 1812. Biashara iliporudi, ilikimbilia Boston na New York, kwa sababu maji ya Salem ni mafupi na hakuna mto mkubwa wa kufikisha mizigo bara. Wafanyabiashara wake wakatafuta masoko ambayo wakubwa hawakuyajali. Ndivyo walivyofika Zanzibar miaka ya 1820. Mkataba wa 1833 na Sayyid Said uliwawekea ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa wanazoshusha, na balozi mdogo wa Marekani aliyeanza kazi Unguja 1837, Richard Waters, alikuwa mtu wa Salem.

Walirudi na pembe za ndovu, ngozi na sandarusi, yaani utomvu wa mti uliogandia ardhini. Sandarusi ilipakiwa chafu, na ganda lake la mchanga. Huko Salem ililowekwa katika maji ya magadi, ikasuguliwa kwa brashi mpaka vikatokea vile vipele mfano wa ngozi ya kuku aliyenyonyolewa, ikauzwa kwa watengeneza vanishi. Walichoshusha Unguja ni kitambaa cha viwanda vya Massachusetts, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1840 Salem wenyewe walikuwa na kiwanda cha mvuke ukingoni mwa bandari, kwa jina lile la kale, Naumkeag. Kitambaa hicho kilipendwa kwa sababu uzito wake ulikuwa wa pamba. Ulaiti, kitambaa cha pamba kutoka Ulaya, mara nyingi ulijazwa wanga: dukani mzito, ukifuliwa mara moja umebaki kama chandarua.

Merikani ilipimwa kwa mkono, kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Mikono 4 ni shuka, shuka 2 ni doti. Doti hiyo tunayo bado kwenye kanga.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, viliadimisha pamba, na vitambaa vya Uingereza na Bombay vikajaza pengo. Safari za Salem na Zanzibar zilikoma 1870. Baadaye Wajapani nao wakaleta cha kwao, na wanunuzi hawakubadilisha jina. Kwa hiyo anayedai kwamba merikani iliyofumwa Mumbai au Morogoro “si merikani halisi” anachanganya aina na asili. Jina lilishaacha kutaja mji uliolileta zamani sana.

Dukani, ukiomba merikani ukawekewa bafta, hakuna haja ya kubishana. Sema unataka isiyopaushwa, kisha tafuta vile vidoa. Iloweke usiku kucha na uifue kabla ya kukata, maana hupungua urefu inapofuliwa mara ya kwanza. Ukitaka kuitia rangi, ichemshe kwanza kwa sabuni na magadi. Wanga wa kiwandani na nta ya pamba yenyewe huzuia rangi kupenya, na nguo hutoka na mabaka.