Riwaya ya Polisi wa Kesho, Mauaji na Mapenzi: Maana Yake

Siku hizi kitabu chochote chenye maiti mwanzoni, askari katikati na busu mahali fulani kinaitwa riwaya ya upelelezi na mapenzi. Kikiwa na roboti au gari linalopaa, kinaongezewa maneno "ya siku zijazo" na mjadala unafungwa. Nimeyasikia matumizi hayo mara nyingi mno, pamoja na kauli inayofuatana nayo daima: kwamba mapenzi humo yametiwa tu ili kitabu kiuzike. Kauli hiyo ndiyo iliyonisukuma kuandika, kwa sababu inafuta kile hasa kinachoitenga aina hii ya riwaya na jirani zake.

Maana yenyewe ni fupi. Ni riwaya ambamo mtu ameuawa, kesi iko mikononi mwa polisi, jamii ni ya wakati ambao haujafika, na mmoja wa wachunguzi anaingia katika mapenzi yenye kisa chake, vikwazo vyake na hatima yake. Mambo manne. Likikosekana moja, kitabu kinaweza kuwa kizuri sana, ila kina jina lingine.

Suala la polisi nitalipitia haraka. Mpelelezi si lazima awe polisi, na wasomaji wa Kiswahili wanalijua hilo vizuri. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, tunayemkuta katika Mzimu wa Watu wa Kale ya mwaka 1960, ni mtu wa kiko na akili kali asiye na cheo chochote kituoni. Willy Gamba wa Elvis Musiba ni jasusi. Riwaya ya polisi ni kitu kingine, na ilipata umbo lake Marekani katika miaka ya 1940 na 1950. Ed McBain, katika mfululizo alioanza kuuchapisha mwaka 1956, alikifanya kikosi kizima kuwa mhusika mkuu. Humo mna zamu, mkubwa anayedai taarifa, daktari wa kuchunguza maiti, hati ya upekuzi, na jalada linalopita mikononi mwa watu wengi. Bwana Msa anaweza kumhoji yeyote na kuondoka na siri yake mfukoni. Polisi hawezi. Akiingia ndani ya nyumba bila hati, ushahidi aliouokota unaweza kutupwa mahakamani. Akiwa na uhusiano na mshukiwa, anapaswa kuachia kesi. Kanuni hizo ziwekwe akilini, maana mapenzi yatakuja kugongana nazo.

Kuhusu siku zijazo, zamani wapo waliosema kwamba haziwezi kabisa kukaa pamoja na fumbo la mauaji. Mwaka 1929 Ronald Knox, padre wa Kikatoliki na mwandishi wa Uingereza, alitoa amri 10 za hadithi za upelelezi. Mojawapo ilikataza sumu ambazo hazijagunduliwa bado, pamoja na chombo chochote kitakachohitaji maelezo marefu ya kisayansi mwishoni. Hoja yake ina nguvu. Fumbo la mauaji ni mashindano kati ya mwandishi na msomaji, na msomaji lazima apewe dalili zote. Mwandishi akiruhusiwa kubuni mashine katika sura ya mwisho, mashindano yamekufa. John W. Campbell, mhariri aliyezilea hadithi za kisayansi za Marekani kwa miaka mingi, naye aliona aina hizi mbili hazipatani kwa sababu hiyohiyo: teknolojia ingemtoa mpelelezi kwenye shida isivyo haki.

Isaac Asimov, mwandishi wa hadithi za kisayansi, alimjibu Campbell kwa kitabu. The Caves of Steel, kilichotoka kikiwa kitabu kamili mwaka 1954, kinamweka polisi wa New York, Elijah Baley, pamoja na roboti mwenye sura ya binadamu, Daneel Olivaw, kuchunguza mauaji. Siri ya mafanikio yake ni kwamba sheria za dunia hiyo zinatajwa mapema. Msomaji anajua roboti haruhusiwi kumdhuru binadamu, anajua wakazi wa mji huo wanaogopa kutoka nje kwenye anga wazi, na anaona jinsi woga na sheria hizo zinavyofungua au kufunga milango ya kesi. Hakuna kinachoanguka kutoka mbinguni. Mwaka uliotangulia, Alfred Bester alikuwa ameshinda tuzo ya kwanza ya Hugo, ambayo hutolewa kwa hadithi za kisayansi, kwa The Demolished Man, riwaya ya jamii ambamo baadhi ya polisi wanasoma mawazo ya watu. Mtu angedhani uwezo huo unamaliza kila kesi kabla haijaanza. Bester aliweka kizuizi kimoja: mawazo yaliyosomwa hayakubaliki mahakamani. Kwa hiyo mkuu wa polisi anamjua muuaji, msomaji anamjua muuaji, na bado ushahidi unapaswa kutafutwa kwa jasho.

Hapo ndipo maneno "siku zijazo" yanapopata haki ya kutajwa. Wakati ujao lazima ubadilishe kinachohesabiwa kuwa ushahidi, au silaha, au kosa lenyewe. Kama gari linalopaa lingeweza kubadilishwa kuwa teksi ya kawaida bila kesi kuyumba, hiyo ni riwaya ya polisi wa leo iliyovikwa nguo mpya.

Sasa mapenzi, ambako makosa ni mengi zaidi.

Nayo yalipigwa marufuku. Mwaka 1928, mwaka mmoja kabla ya Knox, mwandishi wa Marekani aliyejiita S. S. Van Dine alichapisha kanuni 20 za kuandika hadithi za upelelezi. Ya tatu ilisema wazi kuwa kusiwe na mapenzi: kazi iliyopo ni kumfikisha mhalifu mbele ya sheria, haihusiani na kuwafikisha wapenzi madhabahuni. Katika mwaka huohuo Dorothy L. Sayers, mwandishi wa hadithi za upelelezi wa Uingereza, naye aliandika kwamba mapenzi huizuia hadithi ya upelelezi isisonge mbele. Kilichomtokea Sayers baada ya hapo kinanigusa kila ninapokikumbuka. Mwaka 1930 alimleta Harriet Vane, mwanamke aliye kizimbani kwa kumuua mpenzi wake kwa sumu, na mpelelezi wake Peter Wimsey akampenda papo hapo. Wimsey alimwomba amwoe, akakataliwa, akaendelea kuomba kitabu hadi kitabu, na jibu la ndiyo likaja mwaka 1935. Riwaya ya ndoa yao, ya mwaka 1937, Sayers mwenyewe aliipa jina dogo linalosema kuwa ni hadithi ya mapenzi yenye kukatizwakatizwa na upelelezi. Mtu aliyeona mapenzi kuwa kizuizi alifika mahali akaugeuza upelelezi kuwa mkatizaji.

Sayers aligundua kwa kuandika jambo ambalo kanuni ya Van Dine haikuliona. Van Dine alikuwa sahihi kuhusu mapenzi ya pembeni. Binti mrembo anayelia kwenye sura ya tano na kuolewa kwenye sura ya mwisho kweli anapoteza muda wa msomaji. Lakini pale anayependwa ni mshukiwa, kila dalili inafanya kazi mara mbili: alama ya kidole kwenye glasi ni habari kuhusu kifo na papo hapo ni habari kuhusu moyo. Mapenzi ya namna hiyo hayawezi kuisimamisha hadithi, kwa kuwa yanasafiri juu ya njia ileile.

Tatizo ni kwamba neno mapenzi limekuwa kapu. Watu wanatia humo vitu vitatu visivyofanana. Kuna ngono, ambayo inaweza kuwamo katika riwaya yoyote na haigeuzi aina yake. Kuna mahusiano, kama polisi mwenye mke nyumbani. Baley wa Asimov ana mke aitwaye Jessie ambaye ana nafasi yake katika kisa, na bado hakuna anayekiita kitabu kile riwaya ya mapenzi, kwa kuwa hatukai tukijiuliza kama watapatana. Na kuna mapenzi kama kisa: watu wawili, jambo linalowazuia, na swali litakalojibiwa. Waandishi wa riwaya za mapenzi wa Marekani, kupitia chama chao, walikuwa na maelezo yenye masharti mawili tu: hadithi ya mapenzi iwe kiini, na mwisho uridhishe moyo na uwe na matumaini.

Sharti hilo la pili ndilo linalozua ugumu ambao wanaodharau aina hii hawauoni. Katika riwaya ya uhalifu ya kawaida, mpenzi wa mpelelezi anaweza kuwa ndiye muuaji, na ziko riwaya nyingi nzuri ambamo mrembo anageuka kuwa mshika bastola. Katika riwaya ya mapenzi mlango huo umefungwa. Msomaji aliyeahidiwa mwisho wa matumaini anajua tangu mwanzo kwamba yule mwanamume anayeshukiwa hakuua. Mwandishi ameshapoteza mshukiwa mmoja, tena yule bora. Afanye nini? Anahamisha wasiwasi. Swali haliwi tena "je, ni yeye?" Linakuwa "je, huyu polisi, ambaye kazi yake imemfundisha kutomwamini mtu, atamwamini kabla ushahidi haujamruhusu? Na akimwamini, kesi itasalimika?" Hapo kanuni za polisi nilizozitaja mwanzoni zinarudi kama ukuta halisi kati ya wapenzi. Kumpenda mshukiwa ni kosa la nidhamu, na linaweza kumpa wakili wa muuaji halisi mwanya wa kuivunja kesi nzima.

Mfano ulio kamili kuliko yote ni riwaya ya kwanza ya mfululizo wa J. D. Robb, iliyotoka mwaka 1995. Robb ni jina la kalamu la Nora Roberts, ambaye tayari alikuwa maarufu kwa riwaya za mapenzi. Kisa kiko New York mwaka 2058, na mpelelezi ni Luteni Eve Dallas wa kitengo cha mauaji. Tazama jinsi mambo manne yanavyofungwa kwa fundo moja. Katika dunia hiyo bunduki zimepigwa marufuku, kwa hiyo maiti iliyopigwa risasi ni jambo la ajabu. Silaha iliyotumika ni ya kale, kwa hiyo polisi wanawatafuta wanaokusanya silaha za kale. Mmoja wao ni Roarke, tajiri mzaliwa wa Ireland, kwa hiyo jina lake linaingia kwenye jalada. Na Dallas, anayelishika jalada hilo, anavutwa naye. Iondoe sheria ya bunduki ya wakati ujao, na hakuna sababu ya Roarke kushukiwa. Uondoe utaratibu wa polisi, na hakuna kinachomzuia Dallas. Yaondoe mapenzi, na Roarke anabaki jina moja kwenye orodha ya wakusanyaji. Mtu anayesema mapenzi humo ni pambo hajajaribu kuyatoa.

Mfululizo huo umepita vitabu 50, huku kalenda ya ndani yake ikisogea miaka michache tu tangu 2058. Wawili hao wanaoana mapema sana. Nimesikia watu wakisema kwamba baada ya harusi mapenzi yamekwisha na kilichobaki ni polisi. Sikubaliani. Kila kitabu kina kesi inayofungwa na ndoa isiyofungwa: mauaji yana jibu moja, hupatikana na kuisha, ilhali kuishi na mtu kunadai jibu jipya kila mara. Kesi inayomgusa Dallas mahali alipoumizwa utotoni inarudi nyumbani pamoja naye. Mume mwenye uwezo wa kupata habari kwa njia zisizo halali anamlazimisha kuchagua kati ya kasi na sheria. Swali la mapenzi limebadilika kutoka kupatana hadi kukaa pamoja, na bado linaendeshwa na kesi.

Kwa hiyo ukikutana na kitabu ambamo inspekta anatongoza katikati ya uchunguzi na mambo yanaishia hapo, hiyo ni riwaya ya polisi, na ni heshima kuiita hivyo. Kikiwa na roboti anayechunguza kifo lakini hakuna moyo unaosubiri jibu, kiite riwaya ya upelelezi ya kisayansi. Asimov hakuhitaji jina zaidi ya hilo. Na ukiona mpelelezi amempenda mtu ambaye hati ya upekuzi imeandikwa kwa jina lake, katika mji wenye sheria ambazo bado hazijatungwa, tafadhali usiseme mapenzi yametiwa ili kiuzike. Sema ni riwaya ya mapenzi na ya polisi kwa pamoja, kisha rudi kwenye ukurasa ambao dalili ya kwanza ilipatikana, uangalie ni nani kati ya wawili hao aliyekuwa na sababu ya kuificha.